Mhina hautaki kubembelezwa

Usiku wa kuamkia Idd, miaka sita iliyopita, binti yangu alichorwa maua meusi mikononi na fundi mmoja wa mtaani. Alikuwa na miaka 9. Asubuhi akavaa nguo mpya akenda zake sikukuu, maua yamekolea meusi ti, na kila aliyemuona alimsifia. Siku ya tatu akaanza kujikuna. Siku ya tano kila mstari aliochorwa ulikuwa umevimba na unatoa maji, mtu ungedhani kachorwa kwa kijinga cha moto. Hospitali tulipewa dawa ya kupaka, na alhamdulillahi ngozi ilipona. Lakini mpaka leo ukimshika mkono penye mwanga unaona alama iliyopauka, inaanzia kwenye kifundo cha mkono inaishia kidole cha shahada.

Ile haikuwa hina. Lile ni piko, na weusi wake unatoka kwenye rangi ya nywele ya unga yenye kemikali inayoitwa PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na kupakwa kwenye ngozi wameikataza. Sisi tunawachora watoto wetu. Na ubaya wake haukwishi na kidonda: mwili ukishaikataa mara moja, unaikataa maisha. Binti yangu hatopaka rangi nyeusi ya nywele hata akiwa bibi kizee.

Basi tangu Idd ile nikaazimia kwamba hina ya nyumba yangu itatoka kwenye mti ninaoujua mwenyewe. Nilidhani ni kazi ndogo. Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba, na nyumbani kwa bibi yangu mhina ulikuwa pembeni ya kisima, hakuna hata mmoja wetu niliyemuona akiuhangaikia. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na somo lenyewe, nami sikulisoma.

Huku Jambiani nilikoolewa nilipanda miche miwili karibu na karo la kuoshea vyombo, nikaijazia samadi ya ng'ombe, nikawa naimwagia maji asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza ilipendeza. Wa pili majani yakaanza umanjano kuanzia chini, yakawa yanadondoka ukiyagusa. Nikaona ina kiu, nikazidisha maji. Jirani yangu mmoja, mtu mzima sana, alipita akasimama akatazama.

"Mwanangu, unaupa nini mti huu?"

"Maji, bibi, na samadi."

"Ung'oe uutazame mizizi."

Niling'oa. Mizizi ilikuwa myeusi na laini, ganda linavuka ukilivuta kwa kucha, na inanuka kama maji ya maua yaliyolala kwenye chupa. Ilikuwa imeoza kwa maji. Bibi yule akaniambia, "Huu si mchicha. Uache uone jua."

Hilo ndilo ninalotaka nilieleze leo, maana wengi wanaoniletea mihina yao inayokufa wanafanya kosa lile lile langu. Mhina ni kichaka cha nchi kavu. Wenyewe unaota kaskazini na mashariki ya Afrika, Arabuni, mpaka Bara Hindi, mahali ambapo jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Ile rangi tunayoitaka, ambayo wataalamu wanaiita lausoni, mti unaitengeneza vizuri zaidi kwenye joto na ukavu. Mhina uliopandwa kivulini na kunyweshwa kila siku utakupa majani mapana ya kijani kibichi, na ukiyatwanga ukapaka, mkono utatoka rangi ya chai ya maziwa. Watu husema hina imekufa. Haikufa, haikupata jua.

Kwa hiyo kwanza tafuta mahali. Pawe peupe, jua linapiga kuanzia asubuhi mpaka alasiri, si chini ya mwembe wala mfenesi. Kwetu huku mashariki ya Unguja ni maweni matupu, na watu hudhani hapafai kitu. Kwa mhina panafaa sana, maji hayatuami. Mimi nilichukua mtaimbo nikapasua shimo la kina cha mkono mpaka kiwikoni, nikachanganya udongo ule ule na mchanga na samadi iliyokwishakauka ikawa haina harufu, kama kopo moja tu la maziwa. Basi. Sijaongeza samadi tena ila mara moja kwa mwaka, vuli ikianza.

Ndugu zangu wa Pemba na wale wenye udongo wa mfinyanzi wana kazi nyingine. Udongo ule una rutuba lakini unashika maji, na masika ya Pemba mnayajua. Inueni tuta kidogo, shubiri mbili hivi, mpande juu yake. Mhina wa bibi yangu, nikikumbuka vizuri, ulikuwa pembeni ya kisima lakini juu ya lundo la mawe yaliyotolewa wakati kinachimbwa. Maji yalikuwa chini, mguu wake ulikuwa mkavu.

Kupanda kwenyewe kuna njia mbili. Mbegu zinapatikana kwenye vile vitunda vya mviringo vinavyokuja baada ya maua, ukubwa wake kama punje ya pilipili manga. Vikigeuka kahawia na kukauka, vivunje. Ndani mna mbegu ndogo mno, zenye pembe pembe. Ganda lake gumu, kwa hiyo usizimwage tu chini ukasubiri. Mimi naziloweka kwenye bakuli siku nne hadi tano, na kila siku namwaga maji yale naweka mengine, kisha nazitawanya juu ya mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, nafunika kwa mchanga mwembamba sana na kuacha bakuli mahali penye joto. Zikiota zinaota wiki ya pili, nyingine wiki ya tatu. Miche inakuwa myembamba kama uzi, na hapo konokono wa masika ni adui mkubwa; usiku mmoja wanaweza kumaliza bakuli zima. Iweke juu ya meza.

Ila kama una jirani mwenye mhina, achana na mbegu. Omba tawi. Chagua lenye unene wa penseli, lisiwe laini la mwisho wala gumu la kizee, kata urefu wa shubiri moja lenye pingili nne au tano, toa majani ya chini, na zika nusu yake kwenye kiriba au kopo la maziwa lililotobolewa. Hili liweke kivulini kidogo, maana tawi halina mizizi ya kunywea bado. Wakati wake, kwa uzoefu wangu, ni vuli, Oktoba au Novemba. Mvua ni za kiasi, mche unashika mizizi, kisha Kaskazi inaukuta tayari una nguvu. Nimejaribu kwenye masika mara mbili na matawi yalioza zaidi ya nusu. Kati ya matawi kumi ya vuli napata saba, pengine manane.

Mche ukishahamishwa chini, mwagia mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo tia kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Ukikuta ubichi, rudisha ndoo yako ndani. Mhina uliozoea ukishinda wiki mbili tatu za kiangazi bila maji, utapunguza majani, usishtuke. Mvua ikija utachipua. Ukitaka ua wa nyumba, panda kila hatua moja. Ukitaka uwe mti wa peke yake uachie mita mbili kila upande, maana usipoukata unaweza kufika urefu wa mita 6.

Na kuukata ndiko kunakoutengeneza. Jina lake la kitaalamu ni Lawsonia inermis, na hilo neno la pili kwa Kilatini maana yake asiye na silaha, lakini uache miaka mitatu bila kisu uone miiba inavyoota kwenye matawi ya zamani. Mimi nakata mara mbili kwa mwaka, kila tawi napunguza theluthi. Machipukizi mapya ndiyo yenye majani ya rangi. Majani ya tawi zee yana rangi hafifu. Hata hivyo kila mara naacha upande mmoja usikatwe ili utoe maua. Maua yake ni madogo, meupe yanayoelekea umanjano, kila moja petali nne zilizokunjamana, na yanakaa kwenye vishada. Mchana huyasikii sana. Magharibi ikiingia, harufu inajaa ua zima. Mie hukata vishada viwili vitatu nikaviweka katikati ya khanga kwenye sanduku, na harufu inakaa wiki.

Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye shina changa, osha kwa maji ya sabuni jioni. Sijawahi kutia dawa ya dukani, na sitotia kwenye kitu kitakachokaa kwenye ngozi ya mwanangu usiku kucha.

Kuvuna, subiri mche ufikishe mwaka. Kata asubuhi umande ukishakauka, pukutisha majani, yatandaze juu ya mkeka kivulini penye upepo. Jua linaunguza rangi, hapa wengi wanakosea kwa haraka. Siku tatu hivi yanakuwa yanavunjika mkononi. Twanga kwenye kinu, chunga kwa kitambaa chepesi, unga wake utakuwa wa kijani kinachoelekea majani makavu. Weka kwenye chupa iliyofungwa, kabatini. Siku ya kupaka changanya na maji ya ndimu, ufunike ulale nao. Ule ukali wa ndimu ndio unaoitoa rangi. Mafuta ya karafuu watu hupenda kutia ili ikolee, na ni kweli inakolea, lakini ni makali. Matone machache kwa mtu mzima, kwa mtoto usitie.

Hina ya kweli ukiibandua inaacha rangi ya chungwa. Baada ya siku mbili ndipo inakuwa nyekundu ya kuiva. Fundi akikwambia inatoka nyeusi saa hiyo hiyo, mrudishe mtoto nyumbani.

Kwenye dawa, nitasema niliyoyaona. Nyayo zilizopasuka na fangasi wa kati ya vidole, hina mbichi iliyotwangwa inasaidia sana. Lausoni ile ile inayotia rangi imepimwa maabara ikaonekana inapambana na fangasi. Mama yangu akiumwa kichwa alikuwa akibandika majani yaliyopondwa kwenye paji la uso na kulala, kwa ubaridi wake. Kidonda kirefu, au kidonda cha mwenye kisukari, nenda hospitali, usikifunike kwa hina ukapoteza mguu.

Wala isinywewe. Wapo wanaochemsha majani au mizizi. Mwenye mimba hasa asiyaguse kwa kunywa. Na liko jambo moja ambalo nawaomba mama wenzangu mlichukue kwa uzito. Kuna watu wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, urithi tu wa damu, na upungufu huu ni mwingi kwenye nchi za malaria kama zetu. Mtu wa aina hiyo, hasa mtoto mchanga, akipakwa hina mwilini, lausoni ile inapita kwenye ngozi na kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto anageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai kavu, na anaweza kufa. Kwa hiyo kichanga asipakwe hata kidogo, hata kama ni arubaini yake. Mkubwa ambaye katika ukoo wake wamo waliopata hali hiyo kwa dawa fulani au kwa baadhi ya kunde, akapime kwanza.

Binti yangu sasa ana miaka 15. Mikono yake mwenyewe ndiyo inayopukutisha majani, na anajua tawi la kuvuna na la kuacha. Mhina wetu una shina nene kama kifundo cha mguu wangu, uko pale pale kwenye mawe, na mara ya mwisho kuumwagia maji ilikuwa kabla ya masika. Mwenye kutaka hina ya Idd ya mti wake mwenyewe, basi tawi alitafute vuli hii hii, na asilipande karibu na karo.