Nilipata 12, wakaniuliza: 12 ya nini?

SWALI: Salaam mtaalamu. Nimefanya kazi ya ulinzi miaka minane, mitatu ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu. Shahada sina. Nataka kuhamia kwenye uchambuzi wa vihatarishi vya kiusalama. Juzi niliitwa kwenye usaili, nikapewa maelezo ya ghala na kuambiwa nitathmini kihatarishi cha wizi. Nikachora jedwali la tano kwa tano: uwezekano 3, madhara 4. Nikazidisha, nikapata 12, nikapaka rangi ya machungwa. Mmoja wa wasaili akauliza, "12 ya nini?" Nikakwama. Mbele yangu kuna kozi mbili, moja ya siku tano yenye cheti, nyingine ya jioni kwa mwaka mzima. Nisome ipi? Na hesabu yangu ilikuwa na kosa gani? Hisabati si fani yangu.

JIBU: Ndugu yangu, kuzidisha hukukosea. Tatizo ni kwamba ulizidisha vitu visivyozidishika. Namba za jedwali lile ni za nafasi, kama nafasi za wanafunzi darasani. Aliyeshika nafasi ya 4 hajafanya vibaya mara mbili ya aliyeshika ya 2. Pengine wamepishana nusu alama. Ukichukua nafasi moja ukaizidisha kwa nafasi nyingine, jibu halina kipimo. Si fedha, si siku, si idadi ya watu. Ndiyo maana msaili alikuuliza 12 ya nini, na nina hakika alijua hutakuwa na jibu.

Tazama alama 5. Unaipata kwa vifaa vidogo vya ofisini vinavyopotea kila wiki (uwezekano 5, madhara 1), na unaipata vilevile kwa moto uliowashwa makusudi ukateketeza jengo na waliomo (uwezekano 1, madhara 5). Jedwali linasema vihatarishi hivi ni ndugu. Mwaka 2008 mtafiti wa Marekani, Tony Cox, alionyesha kwa hesabu kwamba pale ambapo matukio ya mara kwa mara ndiyo madogo na ya nadra ndiyo makubwa, jedwali la namna hii linaweza kukupotosha kuliko hata kubahatisha. Na mambo ya usalama kwa kawaida yako hivyo. Sisemi ulitupe. Wakubwa wanalipenda kwa sababu ya rangi zake, na utalichora hadi ustaafu. Lakini lichore mwishoni, kazi ikiwa imeshafanyika.

Kazi yenyewe huanza na sentensi moja iliyoandikwa vizuri: nani, kwa njia gani, kupitia wapi, anachukua nini, na ikitokea hivyo mwenye mali anashindwa kufanya nini. Kiwango cha kimataifa cha kusimamia vihatarishi, ISO 31000, toleo la 2018, kinaeleza kihatarishi kuwa ni athari ya mashaka juu ya malengo. Wewe hukutaja lengo la ghala lile. Je, ni kutopoteza bidhaa hata moja, au ni kuhakikisha mizigo inatoka kila asubuhi? Ni ghala moja, lakini majibu yatakuwa mawili.

Baada ya hapo tenganisha tishio, udhaifu na madhara. Walinzi wengi huyachanganya. Mwizi mwenye nia na uwezo ni tishio. Geti lisilofungika ni udhaifu. Kusimama kwa biashara siku tatu ni madhara. Moja likikosekana kabisa, hakuna kihatarishi cha kuandikia ripoti.

Sasa nikupe hesabu ambayo wewe unaiweza kuliko wengi wenye shahada, kwa kuwa umewahi kukimbia kutoka lindo moja hadi lingine usiku. Tuseme mwizi anahitaji sekunde 30 kukata uzio, 60 kuufikia mlango, 120 kuuvunja, na 90 kubeba mali na kutoka. Jumla 300. Kikosi chako hufika sekunde 240 baada ya king'ora kulia. Kama kitambuzi kiko kwenye uzio na kinalia anapoanza kukata, mnamkuta ndani. Kama kiko mlangoni na kinalia anapoanza kuuvunja, zimebaki sekunde 210. Mtafika na kukuta mlango umelala chini na mtu hayupo. Uzio ni uleule, mlango uleule, walinzi walewale. Muda anaopoteza mwizi kabla hajagunduliwa hauhesabiki, hata ukijenga ukuta mara mbili. Kwa mfano huu, kuhamisha kitambuzi kunasaidia kuliko kuongeza mlinzi. Kama ungelisema hilo kwenye usaili, nadhani wangekuita tena hata bila jedwali. Na umeona, ni kujumlisha na kutoa tu.

Kuhusu kozi. Cheti cha kuhudhuria na cheti cha kufaulu mtihani wa taaluma ni vitu viwili tofauti, na matangazo hupenda kuvichanganya. Ukiona tangazo linalodai ISO yenyewe itakuthibitisha, lipite: shirika hilo huandika viwango, halithibitishi mtu wala kampuni. ISO 31000 nayo ni mwongozo tu, haikuandikwa kwa ajili ya kampuni kuthibitishwa. Mitihani inayotambulika katika fani yetu ni kama ile ya ASIS International, chama cha wataalamu wa usalama kilichoanzishwa 1955: APP kwa wanaoanza, PSP kwa ulinzi wa majengo na maeneo, CPP kwa wenye uzoefu wa uongozi. CRISC, mtihani wa chama kingine kiitwacho ISACA, ni kwa wa upande wa mifumo ya kompyuta. Wewe usianzie huko.

Kati ya hizo kozi zako mbili, waulize wote swali hili: nitaandika tathmini ngapi kamili, na nani atazisahihisha? Omba uone moja iliyosahihishwa, majina yakiwa yamefutwa. Kozi ya siku tano haina muda wa kuandika, kusahihishwa na kuandika upya, kwa hiyo ningeiacha. Ya mwaka mzima ningeichukua kama wana jibu la swali hilo. Kama mwaka wote ni slaidi na maswali ya kuchagua, bakiza fedha zako ujisajilie mtihani.

Nasisitiza uandishi kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Ripoti yangu ya kwanza ilirudi na duara jekundu kwenye maneno "kuna uwezekano mkubwa". Pembeni mkubwa wangu ameandika: mkubwa kiasi gani? Nilikasirika. Baadaye nikasoma kisa cha Sherman Kent wa CIA. Mwaka 1951 ofisi yake iliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lilikuwa "uwezekano wa kuzingatiwa kwa uzito". Alipowauliza wenzake walioipitisha ripoti hiyo walimaanisha nini, mmoja alikuwa na asilimia 20 kichwani, mwingine 80. Wote walikuwa wamekubaliana na sentensi ileile.

Kwa hiyo anza leo, hata kabla hujajisajili popote. Kila Jumatatu andika makadirio matatu kuhusu lindo lako, kila moja na asilimia yake: kwa mfano, "asilimia 80, wiki hii king'ora cha mashariki kitalia bure angalau mara moja". Jumapili jipime. Kikilia, toa 0.8 kwenye 1, ubaki na 0.2, kisha uizidishe kwa yenyewe: 0.04. Kisipolia, ni 0.8 mara 0.8, yaani 0.64. Namba ndogo ndiyo nzuri. Kipimo hiki kilitolewa mwaka 1950 na Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa. Baada ya miezi mitatu utajua kama wewe ni mtu wa kujiamini kupita kiasi.

La pili, daftari la matukio. Hamishia miezi 12 kwenye jedwali la kompyuta: saa, mahali, aina ya tukio, nani aliligundua. Halafu lisome kwa mashaka. Daftari huandika kilichoonekana, si kilichotokea. Ukikuta saa tisa usiku hakuna kitu mwaka mzima, usikimbilie kusema ni salama. Wewe mwenyewe unajua saa tisa usiku lindoni pakoje. Omba ruhusa kabla ya kunakili chochote, na usipeleke usaili wowote ripoti halisi ya mwajiri wako. Wasaili wataisoma kwa hamu, kisha hawatakuajiri, maana kesho utawapelekea wengine ya kwao. Tunga eneo la kubuni, weka sekunde zako mwenyewe, na uandike kurasa mbili. Ukitaka, nitumie, nitaisahihisha kwa kalamu nyekundu.