Kabla ya Kutia Dawa ya pH, Fungua Dirisha

Kwa miezi miwili hivi nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kupima maji ya tangi langu la samaki wa bahari. Kalamu ya kupimia pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho namba ikishuka tindikali imezidi, ilinionyesha 7.7, siku nyingine 7.6. Nilijua maji ya bahari hukaa karibu na 8.1, basi nikaona samaki wangu hawamalizi wiki. Nikaenda duka la samaki nikauziwa unga wa kupandisha pH, na hapo ndipo uharibifu ulipoanza.

Asubuhi natia kijiko, pH inapanda hadi 8.2, roho inatulia. Kesho yake alfajiri iko palepale. Natia tena. Sikuuliza unga ule ni kitu gani, na muuzaji hakuniambia. Kumbe ni soda tu, na kila kijiko hubaki majini hata pH ikishuka. Kinachobaki ndicho kinachoitwa alkaliniti: kwa sehemu kubwa ni bikaboneti na kaboneti, akiba ya maji ya kumeza tindikali. Bahari huwa nayo kama 7 kwa kipimo cha dKH. Siku nilipopima tangi langu kwa mara ya kwanza, kwa yale matone yanayobadilika rangi, nilihesabu hadi 14.

Na bado nikatia kijiko kimoja zaidi, maana kalamu ilikuwa inasema 7.7.

Jioni maji yakawa meupe kama tui la pili. Kaboneti ilishikana na kalsiamu ikawa chokaa, ikaganda kwenye pampu kama lile ganda linaloota ndani ya birika la chai. Pampu ikakwama usiku, na asubuhi nikaokota konokono wanne wamekufa. Samaki walipona kwa sababu mke wangu aliusikia ukimya. Mimi nilikuwa nimelala.

Sasa, kwa nini pH ilikuwa inashuka? Tangi letu liko sebuleni. Sisi ni watu sita, na kwa joto la Mombasa AC inawaka na madirisha yanafungwa tangu magharibi. Hewa ukaa tunayoitoa sote haina pa kwenda, nyingine inaingia majini na kuwa tindikali hafifu. Isitoshe usiku mwani hautumii hewa ukaa kama unavyofanya mchana, ilhali samaki na mwani wenyewe wanaendelea kupumua. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya pH ya chini kabisa, na ndiyo saa pekee niliyokuwa napima! Kutoka 7.8 alfajiri hadi 8.2 au 8.3 jioni ni mwendo wa kawaida kabisa.

Kuna jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza lingeniokolea konokono. Chota maji ya tangi kwenye jagi mbili. Moja iache sebuleni na jiwe la hewa, lile la kutolea mapovu ya pampu, ndani yake, nyingine ipeleke barazani nayo uipulizie hewa. Baada ya saa moja au mbili pima zote. Yangu ya barazani ilisoma 8.2, ya sebuleni 7.8. Maji yaleyale, alkaliniti ileile. Ukiona hivyo, ugonjwa uko chumbani, na hakuna unga utakaoutibu.

Alkaliniti ndiyo ya kushughulikia kwa mkono. Mimi sifugi matumbawe, lakini hata tangi la samaki peke yao huila: bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati hutoa tindikali, na ukilisha sana inashuka haraka zaidi. Napima mara moja kwa wiki, saa ileile, na lengo langu ni kati ya 7 na 9. Ikipungua natumia bikaboneti ya soda ya jikoni, ile wanayotia kwenye bajia. Gramu 3 kwa lita 100 hupandisha kama dKH 1. Hesabu maji yenyewe, si ukubwa wa tangi, maana mawe na mchanga hula nafasi. Nayeyusha kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, namimina polepole mbele ya pampu, na sipandishi zaidi ya dKH 1 kwa siku. Hakikisha ni soda tupu. Unga wa kuumulia keki una tindikali na wanga ndani yake, huo usiuguse.

Shemeji yangu aliniuliza, "Si utie magadi tu, yako sokoni?" Kikemia hakukosea sana, kwani magadi ya Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti. Lakini yanakuja na floraidi nyingi na uchafu mwingine, nikamwambia ayaweke kwenye maharage yake.

Maji ya kujazia ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Kwa joto hili tangi linapoteza lita kadhaa kila siku, chumvi inabaki, nami nilikuwa nafidia kwa maji ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanapita humo. Nilipoyapima niligundua yenyewe yalikuwa na alkaliniti ya dKH 16. Yaani hata bila unga wa dukani nilikuwa napandisha alkaliniti kila siku kwa jagi. Sasa najazia maji yaliyochujwa, yale ya kununua kwa mtungi.

Kulirudisha tangi chini nilibadilisha maji kidogo kidogo kwa wiki tatu. Nilichota upande wa Nyali, maji yakiwa yamejaa, si hori ya Tudor, na si wakati wa masika, mvua inapoyapunguza chumvi maji ya kando.

Kuhusu hewa, nilitaka dirisha libaki wazi usiku. Mke wangu akasema mbu waingie kwa ajili ya samaki? Tukapatana: pampu ya hewa iko ndani, lakini mrija wake wa kuvutia hewa umetoboa wavu wa dirisha na kutoka nje, na tundu limezibwa kwa gundi. Leo alfajiri kalamu imesoma 8.0.