Mafuta yakimwagika, kisingizio hakikosi

Tangu tuguse habari ya Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta uliolipuka Aprili 20, 2010 katika Ghuba ya Mexico, nje ya jimbo la Louisiana, Marekani, na kuua wafanyakazi 11, maswali hayajakatika. Nayajibu machache.

Chini ya maji mita 1,500 lolote linaweza kutokea. Si ilikuwa ajali tu?

Hii ilibisha hodi kwanza. Jioni ile walipima kama saruji iliyoziba kisima imeshika. Unashusha presha hadi sifuri, unafunga, unangoja. Mshale wa geji ukitulia, salama. Ukipanda, kuna kitu kinapenya. Kwenye bomba la kuchimbia ulipanda. Wakashusha, ukapanda tena, hadi pauni 1,400 kwa inchi ya mraba. Basi wakahamia bomba dogo la pembeni, lenyewe likaonyesha sifuri, wakalishika hilo. Na zile 1,400? Eti ni matope mazito ya kuchimbia yanasukuma mpira wa kuzibia. Wachunguzi baadaye hawakuona mashiko yoyote katika maelezo hayo. Kazi ilikuwa imechelewa zaidi ya mwezi, na kila siku ilikula karibu dola milioni moja. Ukiwa na haraka kiasi hicho, unachagua geji inayokufurahisha. Hazikutimia saa mbili, kisima kikalipuka.

BP, kampuni ya mafuta yenye kisima, walisema makandarasi ndio waliokosea. Uongo?

Nusu. Mei 2010, mbele ya maseneta wa Marekani, BP iliinyoshea kidole Transocean, mwenye mtambo. Transocean ikairudishia BP na kuitaja saruji. Halliburton, mwenye saruji, ikasema imefuata maagizo ya BP. Mwaka 2014 Jaji Carl Barbier wa mahakama ya Marekani aligawa lawama: BP asilimia 67, Transocean 30, Halliburton 3. Tena BP ilikuwa imeshakubali kukiri kosa la jinai kwa vifo vya wale 11 tangu 2012.

Kifaa cha kuziba kisima kiligoma. Chuma nacho tukilaumu kampuni?

Chuma kina mwenyewe. Kifaa kile kilikaa juu ya mdomo wa kisima kwa ajili ya siku kama ile. Walipokipandisha na kukifungua, upande mmoja betri ilikuwa imechoka, upande wa pili nyaya zimeunganishwa vibaya. Mwenye bodaboda hahitaji tume kujua hapo alaumiwe nani.

Bahari ni kubwa, mafuta si yanapotea? (Msomaji, Tanga)

Ndivyo alivyosema pia mkuu wa BP wa wakati ule, Tony Hayward: bahari kubwa sana, mafuta kidogo. Mwanzoni tuliambiwa mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Wanasayansi wa serikali walipopima walipata zaidi ya 50,000, na kisima kilitapika siku 87. Zaidi ya thuluthi ya maji ya serikali kuu katika ghuba hiyo yalifungwa kwa uvuvi. Mvuvi wa chaza wa Louisiana havui bahari nzima, ndugu yangu. Anavua pale pale kwao.

Lakini si walikuwa na mpango wa dharura?

Walikuwa nao, mnene. Ndani yake walitajwa walrasi, wale wanyama wenye meno marefu wa barafu ya Aktiki, miongoni mwa viumbe wa kulindwa. Katika Ghuba ya Mexico hayupo hata mmoja. Wabunge wa Marekani wakafungua mipango ya makampuni mengine makubwa manne. Mitatu ilikuwa na walrasi.