Kabla hujaingiza mgeni bwawani, chungulia maji yako

Mfugaji mwenzangu, kabla hujanunua chochote cha kutia bwawani, iwe kifaranga, jani au ndoo ya maji ya ziwani ambayo umeambiwa yana rutuba, chota maji ya bwawa lako kwenye glasi safi. Iweke mahali penye jua, nyuma yake tandaza kitambaa cheusi, kisha tulia mpaka macho yazoee. Utaona vumbi linalotembea. Wale wanaodundadunda ni dafnia na ndugu zao moina. Wanaochupa na kusimama ghafla, wengine wakiburuta vifuko viwili vya mayai, ni kopepodi. Rotifa ni wadogo zaidi. Bila lenzi utaona nukta tu. Wataalamu huwaita wote zooplanktoni. Sisi tunasema wadudu wa maji, na tunaelewana.

Nafuga kambale na sato upande wa Mwanza, na pesa yangu kubwa inatoka kwenye vifaranga. Kifaranga cha kambale kikishamaliza kiini cha yai, siku chache tu baada ya kutotolewa, chakula kinachokifaa kuliko vyote ni kitu hai kinachotikisika mbele ya mdomo wake. Zipo artemia za kopo, yaani mayai ya vijidudu vya maji ya chumvi, zinatoka nje ya nchi na bei yake inauma. Moina wa bwawani hawana bei. Kwa hiyo mgeni yeyote anayeletwa kwangu nampima kwa swali moja: atawafanya nini wadudu hawa?

Ukitaka kuona uzito wa swali hilo, tazama Ziwa Kivu. Kati ya 1958 na 1960 dagaa wa Ziwa Tanganyika, yule anayeitwa kitaalamu Limnothrissa miodon, alipelekwa Kivu, ziwa ambalo maji yake ya katikati hayakuwa na samaki wa kula zooplanktoni. Kwa upande wa samaki, mambo yalikwenda vizuri. Leo Bukavu na Goma wanamwita sambaza, Rwanda wanamwita isambaza, na nyumba nyingi zinakula kwa sababu yake. Lakini dafnia mkubwa aliyekuwapo zamani, Daphnia curvirostris, alitoweka, na wingi wa zooplanktoni kwa jumla ukashuka sana. Samaki anayewinda kwa macho huanza na windo kubwa. Wanaosalia ni wadogo, na wadogo hawana uwezo wa kuchuja mwani kama wakubwa.

Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, watafiti Brooks na Dodson waliandika jambo hilohilo mwaka 1965. Katika Crystal Lake, planktoni wakubwa walioonekana 1942 hawakuwapo tena 1964, baada ya samaki mla planktoni kuingia.

Sisemi sambaza alikuwa balaa. Mama anayeuza sambaza sokoni Goma akinisikia nikisema hivyo atanifukuza, na atakuwa na haki yake. Ninachosema ni kwamba ziwa lenye kina cha mamia ya mita lina pa kujificha, lina tabaka, lina ghuba. Bwawa lako la kuchimba kwa jembe halina kona ya dafnia kujificha.

Hapa kwetu Ziwa Victoria kila mtu anaijua hadithi ya sangara: akaingizwa miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980, na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakapotea. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baadhi ya furu hao kazi yao ilikuwa kula zooplanktoni. Walipopungua katika Ghuba la Mwanza, dagaa wetu akatanua makazi. Baadhi ya furu hao walianza kurudi miaka ya 1990. Na ukitaka kujua dagaa na wadudu hawa wana uhusiano gani, nenda kando ya bwawa usiku, mulika tochi majini na usubiri kidogo. Wadudu wanakuja wenyewe kwenye mwanga, na dagaa anawafuata. Mvuvi wa dagaa na taa zake anafaidi tabia hiyo kila usiku wa giza.

Sasa tuje bwawani. Mgeni wa kwanza huja ndani ya mfuko wa vifaranga. Nimewahi kupokea mfuko wa sato wenye samaki wengine mchanganyiko ndani yake, na muuzaji akaapa kwamba wote ni sato. Tangu hapo kila mfuko naumimina kwenye beseni jeupe kabla haujafika bwawani, nao wa mtu ninayemwamini pia. Yule ambaye simtambui anabaki kwenye beseni. Maji ya mfuko nayo siyamwagi bwawani. Nawahamisha vifaranga kwa wavu mdogo, maji yanakwenda kwenye migomba.

Mgeni wa pili ni gugu maji. Kuna dhana kwamba linasafisha maji, na ua lake la zambarau linawavutia watu. Jirani yangu mmoja, mama mstaarabu kabisa, alitaka aliweke kwenye bwawa lake "kwa ajili ya kivuli tu". Nikamwambia, mama, kivuli hicho ndicho adui. Mwani hauoti gizani. Mwani ukikosekana wadudu hawana chakula. Na hewa majini inapungua hadi samaki wanapanda juu kuhema asubuhi. Mizizi yake pia ni makazi ya konokono wanaobeba kichocho. Gugu hili asili yake Amerika Kusini. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa linaziba bandari na mialo. Wadudu wa jamii ya fukusi, Neochetina, waliachiwa ziwani ili walile, nao walisaidia sana. Bwawani hutakuwa na fukusi. Utakuwa na mikono yako na reki.

Kuhusu azola, jani dogo linaloelea juu ya maji, nitatofautiana na wengi. Mitandaoni inasifiwa kama chakula cha bure cha samaki na kuku, na ni kweli kuku wangu wanaipenda. Lakini ikiachwa itambae juu ya bwawa inafanya yaleyale ya gugu maji, na inaongezeka haraka kuliko sato wanavyoweza kuila. Nina karo ya turubai pembeni kwa ajili yake. Navuna, napima, nawarushia samaki kiasi watakachomaliza. Nisingeiotesha ndani ya bwawa la vifaranga hata kwa dawa.

Mgeni mwingine hata humwoni. Dafnia hali ikiwa nzuri huzaa bila dume, jike anatoa majike wenzake. Hali ikiharibika, hutaga mayai yenye ganda gumu yanayoweza kulala kwenye tope kavu kwa miaka. Mayai hayo yanasafiri na nyavu, mabuti, ndoo, hata miguu ya ndege. Tena safari yenyewe si ya upande mmoja: Daphnia lumholtzi, mwenyeji wa Afrika, Asia na Australia, aligunduliwa kwenye mabwawa ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na inadhaniwa aliingia pamoja na samaki. Ana miiba mirefu kiasi kwamba samaki wachanga wanashindwa kummeza. Chakula cha samaki wa kwetu kikawa kero ya samaki wa huko!

Kwa kuwa kukausha juani hakutoshi kuua mayai ya namna hiyo, nimetenga vifaa. Nyavu za ziwani na nyavu za bwawani hazikutani, na mgeni akija kutazama mabwawa nampa mabuti yangu.

Mayai hayohayo yana faida yake. Baada ya mavuno nakausha bwawa mpaka tope lipasuke, natia chokaa, halafu naingiza maji yaliyopita kwenye wavu wenye matundu madogo. Naweka samadi kwenye gunia lililotoboka pembeni. Rotifa ndio hutangulia. Moina na kopepodi hufuata, bila mimi kuwaleta, kwa sababu mbegu yao ilikuwa humohumo kwenye tope. Kwa hiyo anayekuuzia ndoo ya "mbegu ya maji ya kijani" kutoka ziwani anakuuzia kitu ulicho nacho, pamoja na vingine usivyovitaka. Kipimo changu ni mkono: nauzamisha wima hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea kwenye ukijani, maji yako tayari. Kikionekana vizuri, subiri. Kikipotea kabla maji hayajafika katikati ya kiganja na kiwiko, acha samadi. Kisha chungulia tena kwenye glasi, maana ukijani peke yake ni mwani, na kifaranga cha kambale hakili mwani.

Lango la kutolea maji linasahaulika mno. Sato tunayemfuga, Oreochromis niloticus, ni mgeni hata katika Ziwa Victoria lenyewe. Aliingizwa miaka ya 1950, na ngege na mbiru waliokuwa wenyeji wakasukumwa pembeni. Ukiwa mbali na ziwa hili, kwenye mito yenye perege wake wa asili, sato wako akitoroka anaweza kuzaa nao na kuwachanganya. Muulize afisa uvuvi wa wilaya ni aina gani inaruhusiwa katika mto wenu kabla hujatoa hela. Funga wavu mara mbili kwenye bomba la kutolea, na uukague kabla ya masika, maana mafuriko hayakupi muda wa kutafuta waya.

Gugu au azola uliyoing'oa itandaze mbali na mfereji, sehemu ya mwinuko, ikauke kabisa ndipo uitie kwenye shimo la mboji. Samaki usiyemtambua usimrudishe mtoni kwa huruma. Mpige picha, mpelekee afisa uvuvi, na kama ni wa kuliwa, mkaange.