Chora mpaka kwanza, kanuni baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia: "Mwalimu, kanuni za mekanika nimezikariri zote, lakini swali likija sijui nianze na kani au momentamu."

Ujumbe huu umenigusa. Mwalimu wangu wa kwanza wa fizikia alikuwa akikata michoro yangu kwa kalamu nyekundu, akisema mbele ya darasa kwamba kuchora ni kazi ya wasioweza kukokotoa. Maneno yale yalinichoma, na mpaka leo hayajapoa. Sikuacha kuchora. Michoro ile ile ndiyo iliyonivusha mitihani, na leo ndiyo ninayofundishia.

Mchoro unakulazimisha uamue unashughulika na kitu gani. Chukua kigari cha kilo 2 kinachokwenda mita 3 kwa sekunde kwenye njia isiyo na msuguano. Kinagonga kigari cha kilo 1 kilichotulia, vinashikamana. Ukichora kigari kimoja peke yake utahitaji kani ya mgongano, yaani nguvu ambayo vigari vinasukumana nayo, nayo hukupewa. Basi vizungushie vyote viwili mstari mmoja. Kani ambazo vigari vinasukumana kwazo sasa ziko ndani ya mpaka, zinalingana na zina pande kinyume, kwa hiyo zinafutana, na momentamu ya jumla (tungamo mara kasi, pamoja na upande wake) haibadiliki. Kabla ya mgongano ni 2 mara 3, yaani 6, na baada ya mgongano ni 6 vilevile. Gawanya kwa kilo 3, unapata mita 2 kwa sekunde.

Swali likiuliza kani, rudisha mpaka kwenye kigari kimoja. Kile kidogo kimepata momentamu ya 2. Mgongano ukichukua sekunde 0.1, gawanya 2 kwa 0.1: kani ya wastani ni nyutoni 20. Newton mwenyewe, mwaka 1687, aliieleza sheria yake ya pili kwa badiliko la momentamu, kwa hiyo msizitenganishe hizi mbili kana kwamba ni mada zisizojuana.

Nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara kasi mara kasi, ndiyo inayowaangusha wengi. Jouli 9 zimebaki 6. Tatu zilizopungua zimegeuka joto, sauti na mbonyeo. Msiilazimishe ibaki ile ile.

Ndugu zangu, acheni kukimbilia kanuni! Choreni kila swali, hata lile mnaloliona jepesi. Wekeni mshale wa upande chanya kabla ya kuandika namba yoyote, maana kigari kinachorudi nyuma kina momentamu hasi.

Nawe uliyeniandikia, chukua swali lililokukwamisha, ulichore, kisha unitumie mchoro. Jibu sihitaji kuliona bado.