Kukodisha kibiashara nyumba za likizo za zamu: jibu kwa dada wa Mumias

SWALI: Assalamu alaikum, sheikh wetu. Kaka yangu yuko Marekani, ni mwanachama wa Disney Vacation Club, ambako wanachama hutumia pointi kulala kwa zamu katika nyumba za likizo. Anaruhusiwa kukodisha nafasi zake mara mojamoja, si kibiashara. Yeye huziwahi siku za sikukuu kwa wingi, nami humtafutia wateja mtandaoni kwa kamisheni. Ofisi ikiuliza, naandika kwamba mgeni ni shemeji yetu. Ustadhi mmoja ametuambia kuwa sharti hilo ni batili. Mume wangu hana kazi, na karo ya watoto inatoka hapa. Je, pato hili ni halali?

JIBU: Wa alaikumu ssalamu warahmatullah. Swali lako limenisumbua, binti yangu, kwa kuwa fatwa uliyopewa inawaingiza watu wema katika hiana. Kukodisha zamu si haramu kwa asili yake, na Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa sheria, ilipokutana Putrajaya mwaka 2007, iliujadili umiliki wa zamu na kuujuzisha kwa masharti. Mzozo uko kwenye sharti.

Ustadhi huyo ameegemea kauli iliyomo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, kwamba kumshurutisha mpangaji aitumie nyumba yeye mwenyewe tu ni sawa na kumuuzia mtu kitu kwa sharti asikiuze. Kauli ipo, lakini ameishika nusu. Wanazuoni hao hawakusema sharti linaanguka na mkataba unabaki, bali mkataba wenyewe unafasidika. Anayeifuata kwa dhati angemwambia kaka yako arudishe pointi na kudai fedha zake. Kuukana mkataba asubuhi na kuula jioni hakukufundishwa na Imam Shafii wala na wanafunzi wake.

Isitoshe, qiyasi chenyewe, yaani huko kumlinganisha kaka yako na mpangaji, hakisimami. Kaka yako si mpangaji aliyebanwa na mwenye nyumba, ni mshirika katika mali ya wengi, na kugawana manufaa kwa zamu, ambako mafakihi hukuita muhayaa, hujengwa juu ya ridhaa ya washirika. Nafasi hufunguliwa miezi 11 kabla ya safari. Anayezoa wiki za Disemba ili azikodishe amewafungia mlango wenzake waliolipa kama yeye. Mpango huo wa Disney umewahi hata kuweka kipimo cha biashara, nacho ni kupita nafasi 20 katika miezi 12. Mwenyezi Mungu anasema: "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba" (5:1). Nimesikia pia watu wakisema kwamba wenye mpango si Waislamu. Hoja hiyo ni ya aibu, kwani pale Hudaybiya, kwenye mkataba wa amani na Makureshi, Abu Jandal, Mwislamu aliyewatoroka, alikuja akiburura minyororo, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamrudisha kwa Makureshi kwa sababu ya sharti alilokubaliana nao la kuwarudisha wanaowatoroka.

Ama huyo "shemeji", huo ni uongo, hata kama ukodishaji wote ungekuwa halali.

Ulichokipokea ukitegemea fatwa ya uliyemwamini, nataraji hakina dhambi juu yako, wala sikulazimishi kukitoa. Kuanzia sasa acha, isipokuwa zile nafasi chache ambazo mpango umemruhusu. Hizo mtafutie wateja, na ujira wako ni halali. Wageni waliokwisha kulipa wasidhulumiwe: kaka yako aieleze ofisi ukweli, na nafasi ikifutwa, awarudishie fedha zao zote.

Mpigie simu mwenyewe, faraghani, wala usilizungumze kwenye kundi la familia, maana kaka akifedheheshwa mbele ya wadogo zake hushikilia kosa kwa ajili ya heshima tu. Karo isikutie hofu ya kusema haki. Nenda kwa kamati ya msikiti wenu na ueleze hali ya nyumba yako. Fukara ana fungu katika zaka, na kuliomba si fedheha. Kazi unaijua: wenye nyumba za wageni Kisumu na Kakamega nao wanahitaji mtu wa kuwajibu wateja kwa uaminifu, basi waandikie. Naye kaka yako aziachie wiki hii nafasi za Disemba ambazo hazijapata wateja, ili wanachama wenzake waziwahi.