Maswali ya riadha: kipaji, jasho na kocha asiyehesabiwa

Mwanangu ana miaka 11 na huwaacha wenzake mbali sana shuleni. Nitajuaje kama ana kipaji cha kweli? – Mzazi, Umoja

Kwa umri huo hutajua, mzazi mwenzangu. Huenda amebalehe mapema tu, na wenzake watamfikia. Usimpeleke kupimwa jeni: hakuna kipimo cha damu wala mate kinachoteua bingwa, na anayekuuzia hicho anakula pesa zako. Mwache acheze kila mchezo. Ferdinand Omanyala alicheza raga kabla ya riadha, na mwaka 2021 pale Kasarani akatimka mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika.

Ni kweli Wakalenjin huzaliwa na mbio kwenye damu? – Msomaji, Kayole

Swali hili haliishi, na nimechoka kuliona likiulizwa kana kwamba jibu ni moja. Maumbile yana sehemu yake: wape watu kumi mazoezi yale yale, wengine watapanda sana, wengine kidogo. Kukulia Iten, mji wa Wakalenjin ulio mita 2,400 hivi juu ya bahari, nako kunajenga pumzi. Lakini vijana waliolelewa kwenye milima hiyo hiyo ni maelfu, na wengi wao hawatajulikana kamwe.

Mtazame Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London, na damu ilikuwa ile ile. Akahamia marathoni, akabaki na kocha wake Patrick Sang, mshindi wa fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Zikaja dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2022 akakimbia Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Hiyo ni kazi ya watu wawili, ya miaka mingi.

Tukishasema ni damu, kocha hahesabiwi tena. Ndiyo maana hapa Nairobi wapo walimu wa michezo wanaonunua saa ya kupimia muda kwa mshahara wao, na mtihani ukikaribia kipindi cha michezo hugeuzwa cha marudio ya hesabu. Hakuna anayeona haya.

Mtu anaweza kuwa bingwa kwa mazoezi tu, bila kipaji? – Mwanafunzi, Githurai

Bingwa wa dunia, hapana. Donald Thomas wa Bahamas alianza kuruka juu mwaka 2006, na 2007 akawa bingwa wa dunia Osaka. Miili kama hiyo ipo. Lakini kufika mbali kuliko ulipo sasa, hilo liko mikononi mwako.

Nafanya mazoezi mara mbili kwa siku, siku zote saba, na muda wangu haushuki. Niongeze? – Mkimbiaji, Karura

Punguza. Pumzika siku moja kila wiki, na ulale.

Kocha anasema kipaji ninacho, nahitaji tu “vitamini” za sindano. – Mwanariadha wa miaka 22, Dagoretti

Mwache leo, kijana wangu. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara tatu wa mita 1,500, alifungiwa miaka minne kwa EPO, dawa iliyopigwa marufuku inayoongeza chembe nyekundu za damu. Ruth Chepng'etich aliivunja rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwaka 2024. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka mitatu. Kanuni haijali nani alikudunga, kilichomo mwilini mwako ni mzigo wako. Tena EPO huifanya damu kuwa nzito, na inaweza kukuua. Andika jina la dawa aliyokutajia, uripoti kwa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni, kabla ya kurudi mazoezini.